Mkurugenzi na Ufuta wa Mama Yangu

Mtu aliyenifundisha kazi, na papo hapo akatuharibia nyumbani kwetu, alikuwa mfupi na mwembamba, na alivaa koti la suti kwenye joto la Nachingwea bila kulivua hata pale jasho lilipomtoka hadi kiunoni. Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Mkurugenzi kwa sababu ndivyo alivyoandika mlangoni. Watu wa mjini nao walimwita Mkurugenzi, ila wao walikuwa wanamcheka. Ukoo wake siujui na haunihusu. Ninachokijua ni mikorosho arobaini na miwili ya mama yangu kule Mandawa, wilaya ya Ruangwa, ambayo leo si yake tena, na huyu bwana ana mkono wake katika habari hiyo. Kwa hiyo asitegemee nimpambe.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya Nachingwea, kati ya duka la pembejeo na kinyozi. Siku niliyokwenda kuomba kazi nilivua viatu mlangoni, maana nilikuta zulia. Zulia jekundu, ukuta hadi ukuta, katika mji ambao vumbi linaingia mpaka kwenye birika lililofunikwa. Kulikuwa na kompyuta mbili, kiti cha kuzunguka, na bango kubwa lenye picha yake ameshika kidevu, chini yake maneno: Ufuta Wako, Dunia Nzima. Kitu kimoja tu hakikuwepo, nacho ni ufuta. Nilitazama kila kona sikuona hata gunia tupu. Nikamuuliza mzani uko wapi. Akacheka kwa pua.

"Katibu," akaniambia, na hapo alikuwa hata hajaniajiri, "mzani ni biashara ya jana. Sisi tunauza habari."

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mkulima anatupa jina lake, kijiji chake, idadi ya magunia yake na picha akiwa amesimama kando ya mzigo. Sisi tunaviweka kwenye tovuti. Mnunuzi wa Dar es Salaam, au wa huko ng'ambo, anafungua, anaona, anatuma lori, na madalali wote wa katikati wanakufa njaa. Nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimesoma kompyuta miezi mitatu Masasi, najua kuchapa bila kutazama vidole. Niliamini kila neno, na naomba hilo lieleweke mapema, ili nisionekane nilikuwa mjanja kuliko wengine.

Alipenda kutuhadithia kwamba wakati ule mtandao ulipoingia nchini na kila mtu akapata wazimu, yeye alikuwa Dar es Salaam, "mmoja wa waasisi" wa kampuni iliyotaka kuuza vitunguu na nyanya kwa kompyuta. Wakati huo wateja wenyewe hata barua pepe hawakuwa nayo. Kampuni ilikufa kabla vitunguu havijaota. Mkewe, mwanamke mmoja mpole sana aliyekaanga chapati hapo stendi, ndiye aliyeniambia siku moja bila nia mbaya kwamba mumewe alikuwa tarishi wa kampuni hiyo. Alikuwa anapeleka bahasha. Tangu siku hiyo kila aliposema "sisi waasisi" mimi niliinamisha uso kwenye kibodi.

Lakini tarishi ana masikio. Wakubwa wake walipokuwa wakigombana kwa nini wameanguka, yeye alikuwa amesimama pembeni na bahasha zake, na alisikia yote. Baadaye akaanza kusoma habari za wengine walioanguka, wa hapa na wa Ulaya na Marekani, akaziandika katika daftari la jalada gumu. Kila Jumatatu asubuhi alitusomea, mimi na fundi wa kompyuta, tukiwa tumesimama. Alikuwepo Mmarekani wa kwenye daftari aliyeuza chakula cha mbwa kwa posta, na kukisafirisha kulikuwa ghali kuliko chakula chenyewe. Kulikuwa na vijana waliotumia mtaji wote kwenye matangazo na sherehe, na siku wateja walipokuja dukani hapakuwa na kitu. Kulikuwa na bwana mmoja aliyehesabu watazamaji akadhani ni wanunuzi. Mkurugenzi alisoma kwa masikitiko ya kweli, akitikisa kichwa, na alipomaliza alifunga daftari na kusema, "Wajinga hawa, Katibu. Walikuwa na kila kitu."

Kisha aliliweka daftari mezani na kwenda kufanya kilekile.

Alizindua tovuti kwa pilau ya mbuzi wawili, kikundi cha ngoma na fulana mia moja zenye picha yake ameshika kidevu. Mpaka leo ukipita Marambo utamkuta mtu analima na uso wa Mkurugenzi uliochanika tumboni. Fedha ya kiwanja alichouza ili kupata mtaji ilikwisha siku hiyo zaidi ya nusu. Kila asubuhi alibandika ukutani karatasi yenye idadi ya watu waliofungua tovuti jana yake, na ikipanda alinunua soda. Mimi nilijua wengi wao ni sisi wenyewe, pamoja na kinyozi wa jirani aliyekuwa akiingia kujitazama, maana tulimpiga picha siku ya uzinduzi. Kwa usafiri ndiyo usiseme. Aliwaahidi wanunuzi kwamba lori la kwanza wasilipie hata shilingi, litakuwa juu yake. Nikamkumbusha Mmarekani wa chakula cha mbwa.

"Yule alikuwa anasafirisha chakula cha mbwa," akasema. "Huu ni ufuta."

Chakula chake cha mchana kilikuwa muhogo wa kuchemsha, na aliula nyuma ya mlango, ameupa mgongo, ili mgeni akiingia asimkute Mkurugenzi na muhogo mdomoni. Chai ya ofisini aliipimia sukari mwenyewe kwa kijiko cha nusu. Bando la intaneti lililipwa na chapati za mkewe, na sikuwahi kusikia akimshukuru. Ila mshahara wangu haukuchelewa hata mwezi mmoja. Mwezi wa mwisho, ofisi ilipokwisha kufa, aliuza pikipiki yake akanilipa, na mimi nilizihesabu noti mbele yake, moja moja, mara mbili. Nilitaka aone kwamba simwamini. Aliona, na akanisubiri nimalize.

Sasa kuhusu ufuta. Mtu wa mbali hawezi kuelewa kosa lake kubwa bila kujua kwamba huku kwetu mavuno hayatangazwi. Mtu anavuna, anafunga magunia, anayaingiza ndani, na akiulizwa anasema mwaka huu si mzuri. Hata mkewe wakati mwingine hajui yote. Ukitaja idadi unaita shemeji, unaita michango, unaita na macho mabaya. Mkurugenzi alilijua hilo, maana amekulia hukuhuku kama sisi, lakini alikuwa na imani kwamba mbele ya kompyuta watu watabadilika. Hawakubadilika. Nilizunguka vijiji na kamera na fomu zangu. Mzee mmoja wa Chunyu, ambaye nyumba yake nzima ilinuka ufuta hadi uani, alinitazama machoni akaniambia ana debe mbili, tena za kuazima. Nilirudi ofisini na idadi ya kutia aibu.

"Wanaficha," Mkurugenzi akasema, akizunguka na kiti chake. "Zidisha mara nne."

"Zote?"

"Zote, Katibu. Mnunuzi hawezi kufungua dunia nzima akakuta debe mbili."

Nikazidisha. Mkulima mmoja tu sikumzidishia, kwa sababu ndiye peke yake aliyesema kweli, naye ni mama yangu. Sikumpata kirahisi. Nilikaa naye jikoni Mandawa jioni nzima.

"Mwanangu, ufuta hautajwi," aliniambia. "Na hiyo mashine yenu haina hata mzani. Itapima nini?"

"Mama, nakuapia kaburi la baba, mnunuzi atakuja mpaka hapa mlangoni."

"Umemwapia baba yako?"

"Nimemwapia."

Akaenda akavaa kanga mpya, akasimama kando ya magunia yake tisa, yote nje, majirani wakiangalia, nikampiga picha. Anacheka kwenye picha hiyo. Wiki ileile kaka wa marehemu baba alikuja kuomba gunia moja la harusi ya mwanawe, na mama alimnyima, na hawajasalimiana tangu hapo.

Msomaji asiyetoka kusini anapaswa kujua na jambo la pili. Kwetu ufuta ndio unaonunua dawa ya mikorosho. Unavuna, unauza, unanunua salfa, unapuliza mikorosho inapoanza kuchanua. Ukichelewa, ugonjwa wa ubwiri unga unashika maua, na mwaka huo korosho utaziona kwa jirani. Kwa hiyo magunia yale tisa hayakuwa ufuta tu. Yalikuwa msimu mzima unaofuata, na mama hakuwa na akiba nyingine.

Lori lilikuja kweli, mara moja. Mnunuzi wa Dar es Salaam alivutiwa na idadi zetu za Marambo, Mkurugenzi akakodi Fuso kwa fedha yake kama alivyoahidi, tukaenda. Mtu mwenye akili angepita nyumba hadi nyumba, kwa sauti ya chini. Mkurugenzi alipanda juu ya bodi ya lori na kipaza sauti, mbele ya kijiji kizima, akaanza kusoma orodha: jina, kisha magunia. Kila jina alilolitaja lilileta kimya. Alipofika kwa bwana mmoja aliyesimama mbele kabisa akatangaza, "Magunia kumi na mawili!"

Mke wa yule bwana akageuka taratibu. "Kumi na mawili? Mimi umeniambia matatu."

"Ni matatu! Wallahi ni matatu!" yule bwana akalia. "Huyu anataka kunivunjia nyumba!"

Na yalikuwa matatu kweli. Tuliyazidisha sisi. Mama mkwe wake naye alikuwepo, akaanza kuuliza ufuta mwingine umepelekwa kwa mwanamke gani. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, kisha wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila aliyebaki kwenye orodha akikimbia jina lake kabla halijatajwa. Mkurugenzi aliendelea kusoma. Hilo ndilo siwezi kulisahau, kwamba alisoma hadi jina la mwisho, kwa sauti ileile ya uzinduzi, mbele ya kuku na dereva aliyekuwa anapiga miayo. Fuso liliondoka na magunia saba. Mnunuzi alipopata habari alisema hatatuma lori lingine, si Marambo wala upande wa Ruangwa. Mimi nilicheka siku ile pamoja na wengine, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi kumwona amedhalilika.

Furaha hiyo iliniisha haraka. Kule Mandawa mama alikuwa anasubiri. Miaka ile mnada wa chama cha msingi cha ushirika ulikuwa bado haujambana kila mtu auze huko, na wanunuzi wa malori walipita kijijini mara mbili msimu ule, wana fedha mkononi. Mara zote mbili mama aliwarudisha. Aliwaambia, "Ufuta wangu una mwenyewe." Hakupata habari kwamba huyo mwenyewe hayupo. Alipokuja kushtuka msimu umefungwa, na ufuta akaumaliza kwa walanguzi wanaopima kwa bakuli, bei ya kutupa. Salfa hakununua. Maua ya mikorosho yakawa meusi yote. Akakopa kwa tajiri mmoja wa Ruangwa akaweka shamba, mwaka uliofuata akaugua, na shamba likaenda. Leo mama yangu anaokota korosho kwa kibarua, kwa ndoo, chini ya mikorosho aliyoipanda na marehemu baba. Analijua kila shina. Anaokota na kwenda kuzimwaga kwenye magunia ya mtu.

Mkurugenzi alikwenda Mandawa mwenyewe kuomba radhi. Sikumtuma. Alikaa kwenye mkeka na koti lake, na mama alimsema kwa saa nzima, majirani wamejaa uani, na mama yangu akikusema unasikia hadi kwenye mifupa. Alimwita mwizi, alimwita tapeli, alimwita mtu aliyekula mali ya yatima. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mkurugenzi hakujitetea. Kila mama alipopumzika alisema, "Nimekosa, mama." Nikasema moyoni, sema vizuri, mshenzi wewe.

Baada ya hapo alipotea, na mimi nikahamia Ruangwa mjini nikafungua duka la vifaa vya ofisi: kutoa kopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Mzani ninao, wa kupimia wateja uzito kwa mia mbili. Miaka ikapita. Kila aliyetaka kuanzisha biashara ya simu au ya mtandao alinikuta nimejaa hadithi za Mkurugenzi, na niliwachekesha sana vijana kwa habari za zulia, mbuzi wawili na ile orodha ya Marambo. Nilijulikana kwa hadithi hizo. Wengine walikuja kutoa kopi moja tu ili wazisikie.

Mwaka jana, katikati ya msimu wa korosho, aliingia dukani. Amezeeka vibaya. Koti lilikuwa la aina ileile lakini sasa linamvaa yeye, na alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu aliyekizoea.

"Katibu," akasema, na kunipa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeitwa kuzungumza na vijana hapa ukumbini, kesho. Wanataka kujua kwa nini biashara za mtandao zinaanguka." Akatabasamu kidogo. "Wamesema mimi ndiye mtaalamu."

Alikuwa ameandika kwa mkono, kurasa nne, anataka nimchapie na kutoa kopi arobaini. Nikachapa huku nikimchekea ndani kwa ndani. Yote yalikuwemo. Zulia, aliliandika. Fulana na pilau, aliandika. Watazamaji waliohesabiwa wanunuzi. Usafiri wa bure. Kuzidisha mara nne, na hapo aliandika kwamba wazo lilikuwa lake na mfanyakazi wake alilipinga. Sikulipinga. Niliuliza swali moja nikazidisha.

Ukurasa wa nne ulikuwa na kosa moja tu, chini ya kichwa kilichopigiwa mstari: Kosa lililo kubwa kuliko yote. Aliandika hivi: "Biashara ilipokufa sikuwaambia wakulima wote. Mama mmoja mjane aliendelea kutusubiri akapoteza shamba lake la mikorosho. Ilikuwa kazi yangu kumpigia simu. Sikupiga."

Niliacha kuchapa.

Siku iliyofuata baada ya aibu ya Marambo, Mkurugenzi aliniita asubuhi, hajasoma daftari, hajabandika karatasi ukutani. Alinipa orodha ya wakulima kumi na mmoja waliokuwa bado wanasubiri lori. Akaniambia, "Wapigie wote leo hii. Waambie hakuna mnunuzi, wauzie malori yanayopita. Usimfiche mtu." Nikapiga simu kumi. Jina la kumi na moja lilikuwa la mama yangu. Nilishika simu nikakumbuka nilivyoapa kaburi la baba jikoni kwake, nikaiweka chini. Nilijiambia nitapiga kesho. Nilijiambia labda atapatikana mnunuzi mwingine kabla ya Ijumaa, na nitampelekea habari njema badala ya aibu. Jioni Mkurugenzi aliniuliza, "Wote?" Nikamjibu, "Wote." Wiki ikaisha, ikaja nyingine, na kila nilivyochelewa ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kupiga, mpaka ikawa haina maana tena kupiga.

Yeye aliligundua palepale kwenye mkeka, Mandawa, mama aliposema, "Hata simu moja hamkunipigia!" Mkurugenzi aliinua uso akanitazama mlangoni nilipokuwa nimesimama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama akasema, "Nimekosa, mama." Na watu wote uani wakaguna kwa hasira, na mimi nikaguna nao.

Nilimaliza kuchapa. Nikatoa nakala moja nikaiweka mbele yake juu ya kaunta. Hakuigusa. Alinisogezea mimi.

"Macho yangu hayana nguvu siku hizi," akasema. "Isome wewe mpaka mwisho. Kuna cha kubadilisha?"

Nikaisoma, kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilipofika wa nne nilisoma ile mistari mara mbili. Alikuwa ameegemea kaunta, ananisubiri kama alivyonisubiri siku ile nilipokuwa nahesabu noti zake za pikipiki, na najua kwamba alikuwa ananipa nafasi.

"Hakuna," nikasema.

"Basi toa arobaini."

Nikatoa arobaini, nikazibana pini, akalipa. Mlangoni akauliza kama mama hajambo, nikamwambia hajambo, akaenda zake.

Alasiri nilifunga duka, nikapanda bodaboda kumpelekea mama chakula kule anakookota. Nilimkuta ameinama chini ya mkorosho wa tatu kutoka njiani, ndoo imefika nusu. Akajinyoosha kwa taabu, akanawa mikono, akauliza mjini kuna habari gani.

"Nimemwona yule mwizi wako," nikamwambia. "Yupo Ruangwa. Eti anafundisha watu."

Mama alitema mate pembeni. "Mungu atamlipa, mwanangu," akasema. "Aliyenifanyia hivi, Mungu atamlipa hapahapa duniani."

Nikaitikia, "Amina."